Kamati imetuchangia, sisi tunapiga picha Kaole

Shikamoo Mama,

Naanza hivyo kwa sababu Bagamoyo imenifundisha. Kwetu Kakamega ningesema "habari yako" kisha nikaendelea na shida zangu. Wiki ya kwanza hapa niliingia dukani nikasema "nipe mkate", muuzaji akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Sasa nasema "naomba". Hata mume wangu, aliyezoea kuamuru vibarua, siku hizi anaomba.

Sisi ni mke na mume, miaka kumi na miwili ya ndoa. Yeye ni fundi seremala, mimi ni mwalimu wa chekechea. Kanisa letu la nyumbani lilitutuma huku tujitolee kwa miaka miwili, na sasa tumemaliza mwezi wa tisa. Yeye anafundisha vijana useremala kwenye karakana ya kanisa lililotupokea. Vijana ni kumi na mmoja, na randa ni mbili. Mimi asubuhi niko na watoto wadogo, alasiri nashona na kina mama. Hatuna mshahara. Kabla ya kuondoka tulifanyiwa harambee. Mama mkwe aliuza ndama. Mzee mmoja alileta jogoo akanadiwa mbele ya kanisa mara nne, kila anayemnunua anamrudisha anadiwe tena, mpaka jogoo mwenyewe akachoka kupiga kelele. Hiyo ndiyo pesa tunayokula. Kila mwezi kamati hutuma nyingine, ya chakula na ya vifaa vya karakana, na yote huingia kwenye simu ya mume wangu. Pesa yetu sisi wenyewe ni kodi ya vyumba viwili tulivyopangisha nyumbani.

Shida ilianzia kwenye Jumamosi. Siku hiyo mume wangu hakai nyumbani. Tumezunguka Ngome Kongwe, tumekaa soko la samaki tukitazama mnada, magofu ya Kaole tumekwenda mara tatu, Misheni ya Wakatoliki sijui mara ngapi. Sikatai, mimi pia hufurahi. Mtu aliyekulia kwenye mashamba ya miwa akiona maji yanakupwa hadi mbali kabisa, mashua zimelala ubavu kwenye mchanga, halafu jioni bahari inarudi kuzinyanyua moja moja, hachoki kutazama. Lakini kuna siku tulipita kwenye makaburi ya wamisionari pale Misheni. Nilikuwa na chupa ya juisi ya ukwaju mkononi. Nikaanza kusoma miaka iliyoandikwa na kupiga hesabu, nikakuta wengi walikufa wakiwa wadogo kuliko mimi. Niliifunga ile chupa nikaitia mkobani. Niliona haya, sijui ya nini.

Basi kila tukitoka mume wangu huweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp. Yeye na dafu. Mimi na dafu. Sisi wawili na jua linachomoza baharini. Mwezi uliopita mwenyekiti wa kamati akatuma ujumbe wa sauti: "Watumishi wetu, tunawaona. Tulidhani tumechangia injili, kumbe tumechangia fungate." Nyuma yake nikasikia watu wakicheka. Mwezi huo pesa ilikuja nusu.

Mume wangu hakujibu. Alichofanya ni kumficha mwenyekiti asione tena stetasi zake, pamoja na wanakamati wengine watatu na dada yangu, ambaye hana kosa lolote isipokuwa mdomo. Nikimwambia tupunguze, ananiuliza ni mstari gani wa Biblia unaomkataza mtumishi kuona bahari. Nikinyamaza, anasema nimeungana na kamati.

Halafu kuna hili la Kaole. Alipigwa picha ameegemea nguzo ya kaburi, mguu mmoja juu ya ukuta, anacheka. Jumatatu mwanafunzi wake mmoja, kijana mpole ambaye huwa haongei, akamwambia, "Mwalimu, pale ni kwa bibi zetu." Mume wangu hakuelewa, maana kwetu bibi ni mke. Ilibidi nimweleze nyumbani kwamba huku bibi ni nyanya, na nyanya ni ya mchuzi. Tukacheka sana. Lakini tangu siku hiyo yule kijana anakuja, anafanya kazi, anaondoka bila kuaga. Mume wangu anasema atasahau.

Mwezi wa nne tulikwenda Unguja siku mbili kusherehekea ndoa yetu, akatumia kidogo kwenye zile pesa za randa na jiriwa ya kubania mbao, kama shilingi 380,000, atarudisha, na hilo silo linalonisumbua. Linalonisumbua ni amani ya nyumba. Niambie Mama, mtu anayejitolea anaruhusiwa kutembea? Au tuendelee kutembea, ila tuache picha?

Mke wa Fundi, Bagamoyo

*

Marahaba mwanangu. Karibu Bagamoyo, ingawa kwa miezi tisa ulitakiwa uwe umeshachoka kukaribishwa.

Nikwambie mapema, mimi si mtu wa kanisa. Nimezaliwa Dunda, nyumba yetu ni ya msikiti, na Misheni nilianza kuijua utotoni kwa kuokota embe chini ya ile miembe ya njiani na kufukuzwa. Kwa hiyo mstari wa Biblia wa kumshinda mumeo sina. Hesabu naijua, na barua yako naona ni ya hesabu.

Jogoo umempa nafasi yake, bahari umeieleza vizuri mpaka nami nikatamani kutoka nje niitazame upya. Lakini zile 380,000 umezipitisha mbio kama mtu anayevusha mzigo usiku, na mkiani ukaning'iniza "hilo silo linalonisumbua". Nasoma barua za watu miaka mingi sasa. Jambo linaloandikwa hivyo ndilo linalomwamsha mtu saa tisa za usiku. Umesema "atarudisha". Hukusema amesharudisha ngapi. Nadhani hajarudisha hata shilingi, na wewe unajua.

Rudi karakanani kidogo. Vijana kumi na mmoja, randa mbili. Mmoja anapiga randa, mwenzake anambania ubao kwa goti kwa kuwa jiriwa haikununuliwa, waliobaki wamesimama wanatazama vumbi la mbao. Hilo la goti nimelikisia, nirekebishe kama nimekosea. Sasa niambie nani hasa kati yenu amekosewa na safari ya Unguja. Si mwenyekiti. Mwenyekiti yuko Kakamega anacheka madafu kwa sababu ndicho anachokiona. Siku akiyajua ya randa hatacheka, na wala hatatuma ujumbe wa sauti, atatuma watu.

Na ule ukwaju. Natamani kujua kama siku ile makaburini ilikuwa kabla au baada ya mwezi wa nne. Mapadri wa Roho Mtakatifu walihamia hapa kutoka Unguja mwaka 1868, na wengi waliolala pale walimalizwa na homa za nchi hii. Hakuna hata mmoja anayekudai uwe na kiu. Haya uliyoiona mimi siamini kwamba ilitoka kwenye chupa.

Kwa swali uliloniuliza jibu ni fupi: tembeeni. Mtu hawezi kuishi kwenye nchi ya watu miaka miwili akajua njia ya kanisani na ya sokoni tu, kisha akadai aliwatumikia. Wenzenu waliotangulia walitembea. Kule kwenu Kenya, Johannes Rebmann alikuwa mmisionari Rabai. Mwaka 1848 akafunga safari mpaka Uchagani, akauona mlima una theluji kileleni, akaandika alichokiona. Wasomi wa Ulaya wakambishia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Sijasikia kwamba kuna kamati iliyomdai nauli.

Tena mumeo ni seremala, na ametua kwenye mji wa milango. Mji huu, na Unguja ndiyo usiseme, una milango ya nakshi ambayo mafundi wa sasa husimama mbele yake wakiishika kwa vidole kama vipofu, wanatafuta jinsi ule ubao ulivyochongwa. Huko Unguja mlifika Mkunazini? Kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa? Mna msalaba wa mbao mle, uliotengenezwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari David Livingstone, kule Chitambo, Zambia ya leo. Mwili wake watumishi wake, kina Susi na Chuma na wenzao, waliubeba kwa miguu mpaka hapa kwetu, ukafika Februari 1874, ukalazwa kwenye kanisa la Misheni, lile lenye mnara, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Kwa hiyo mwili mmeuona ulipolala, na mbao ya moyo iko ng'ambo. Seremala akisimama mbele ya msalaba ule ana la kuwaeleza wanafunzi wake wiki nzima. Mumeo alisimama, au alikuwa anatafuta pa kununua dafu?

Siulizi kwa kejeli. Katika picha zote ulizonitajia hamna hata moja ya mlango. Kama Jumamosi moja kwa mwezi angewachukua wale vijana na penseli na karatasi, wakakaa mbele ya mlango mmoja wa zamani wakaunakili, hiyo ni matembezi na ni somo, na picha yake hata mwenyekiti angeiweka kwenye stetasi yake mwenyewe. Lakini asije akajificha nyuma ya milango. Jumamosi nyingine ziwe za dafu tu, na zisemwe hivyo: tulipumzika, tulikunywa dafu, hela ilitoka kwenye kodi ya vyumba vyetu.

Hapo kwenye "ilitoka wapi" ndipo penye kazi. Hela ya chakula, ya vifaa na ya kodi yenu zote zinalala kwenye simu moja, ya mtu mmoja. Hata malaika angechanganya. Muombeni mhazini wa kanisa lililowapokea fungu la vifaa likae kwake, na likitoka litoke kwa sahihi mbili, iwe ya mumeo na ya mtu mwingine asiyekuwa wewe. Wewe usiwe mlinzi wa mumeo, mtagombana mpaka kwenye chumvi. Ya matembezi itieni kwenye kibubu kinachoonekana mezani. Kikiwa kitupu, Jumamosi hiyo nendeni ufukweni. Kutazama maji hatutozi.

Zile 380,000 zirudi kutoka kwenye kodi ya vyumba, kidogo kidogo kwa miezi mitakayoitaja wenyewe. Najua kitakachomjia mumeo kichwani kabla hujamaliza sentensi: achonge vitanda viwili, auze, yaishe. Asithubutu. Watu wa kujitolea na wamisionari hukaa nchini kwa kibali cha ukaazi cha Daraja C, na kibali hicho ni cha kazi mliyoombewa. Si cha kufungua biashara ya vitanda. Akikamatwa anauza, mambo hayatakuwa ya Uhamiaji na yeye peke yake. Lile kanisa lililowaombea nalo litaitwa. Na kama mpaka leo mko kwa pasi ya matembezi huku mnafundisha, acha kusoma hapa, nendeni kwa mchungaji wenu leo hii mkalitazame hilo kwanza.

Nani aseme kwa kamati? Yeye. Kwa kupiga simu, mwenyekiti asikie sauti na aweze kuuliza. Ujumbe wa sauti mtu huurudia mara sita kutafuta tusi. Aseme tarehe, kiasi, alikitumia kwa nini, na atakirudisha lini. Asianze na Rebmann. Wewe usimtangulie kwenda kumsema, wala usimnong'oneze dada yako, hasa huyo mwenye mdomo. Mpe wiki mbili. Zikipita hajapiga, mwambie mchungaji aliyewapokea, mbele yake, akiwa amekaa hapo hapo. Najua itauma. Kamati ikigundua yenyewe itauma zaidi, maana kwa mujibu wa barua yako mama mkwe ameshakosa ndama.

Huko kufichana kwenye stetasi akuache kabisa. Amewaficha watano, wamebaki wangapi? Katika hao waliobaki hakosi mmoja anayejua kupiga picha skrini. Mtu aliyeona picha ya dafu hukasirika kidogo na kusahau, lakini akigundua kwamba alifichwa ataanza kupekua mpaka mwezi wa nne.

Sasa Kaole. Hapa mwanangu nitasema kwa ukali kidogo, na si kwako.

Ile nguzo aliyoiegemea haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Ni kaburi. Msikiti ulio pale magofuni ni wa karne ya 13, na wenye makaburi yale walikuwa watu wa heshima kiasi kwamba nguzo zao zilipachikwa bakuli za kauri zilizotoka China. Watalii wanaonyeshwa matundu ya bakuli, wanapiga picha, wanaondoka. Lakini mpaka leo wapo wanaokwenda kuomba dua pale, wana haja ya mtoto, wana mgonjwa, wana safari. Kijana aliposema "kwa bibi zetu" alikuwa anamwambia mwalimu wake kwa adabu yote aliyolelewa nayo: umemkanyaga mtu wangu. Nyinyi mkacheka nyanya na bibi. Nami ningecheka, lugha zetu hizi zina vituko. Ila yeye hajui mlichekea nini. Anachojua ni kwamba alisema, na mwalimu hakurudi kwake na neno.

Picha hiyo ifutwe. Ni hiyo moja tu ninayowaambia mfute, madafu yaacheni. Kisha mumeo aende kwa kijana nyumbani kwao, si karakanani mbele ya wenzake, na wewe ufuatane naye, umevaa khanga. Nendeni baada ya alasiri, watu wakiwa barazani. Msikimbilie samahani. Semeni shikamoo kwa kila mkubwa aliyekaa pale, mkikaribishwa mkae, mkiletewa kahawa mnywe, mkiulizwa habari za Kenya mzieleze. Chukueni kilo ya sukari na majani ya chai, bahasha msipeleke. Neno lenyewe litachukua dakika moja: "Nilikosea pale Kaole, sikujua, nimekuja kwenu." Watakwambia yameisha, na yatakuwa yameisha kweli. Halafu mumuombe kijana siku moja awapeleke yeye. Mtaona Kaole nyingine kabisa. Kama mwataka kwenda wenyewe, chukueni bajaji. Msikate njia ya ufukweni wawili peke yenu na simu zimenyanyuliwa, pale katikati ni pweke na watu wameporwa.

Swali la picha umeniuliza kana kwamba ni lazima ziwepo au zisiwepo. Tumeni zaidi, tena kila mwisho wa mwezi, ziende kwa kamati moja kwa moja bila kusubiri wazifumanie. Tumeni risiti ya randa mpya imelazwa juu ya randa yenyewe. Tumeni mshono wa kwanza wa mama aliyekuwa hajui kutunga uzi. Za watoto wa chekechea, muulizeni mzazi kwanza, na akikataa asitafutwe mwingine wa kumshawishi. Katikati ya hizo likiwemo dafu moja, huyo mzee wa jogoo ataliona ni la mtu aliyechoka.

Mpe mumeo barua hii aisome mwenyewe. Usimsomee, na usiwe chumbani anapofika kwenye ile sentensi ya 380,000.

Na mwambie huyo mkwe wangu kwamba mlango wangu wa mbele umeoza kwa chini, bawaba moja imetoka, na ninautaka urudishwe na nakshi zake kama alivyouacha babu. Yeye sitamlipa, kibali hakimruhusu. Alete wanafunzi wake, huyo kijana mpole awe mbele, hao nitawalipa.